Moshi wa Kiangazi

Wazo la moshi lilikuwa la Batuli mwenyewe, na mtu mwingine asije akajisifu nalo. Shefu wa zoni alikuwa ameita watu wote wa ufukweni waje barazani kwake, waanikaji wa ndagala, yaani dagaa wa ziwani, wavuvi na wakamuaji wa mawese, ili watafute alama ya hatari. Mwaka ule mvua za masika zilikatika mapema. Kule milimani maharage yalikauka yakiwa na maua, na mihogo iliyong'olewa ilikuwa myembamba kama vidole. Watu wenye bunduki waliokuwa vichakani nao wana matumbo, jamani, na tumbo halijui siasa. Zamani walikuwa wanashuka kwa nadra. Sasa walishuka mchana kweupe, saa mitumbwi inapoingia, wakachukua ndagala na kila walichokuta, na asiyetoa walimfanyia walilomfanyia.

Na hao ndagala wenyewe walikuwa wachache. Wavuvi walisema maji ya juu ya ziwa yamekuwa moto, samaki wamekwenda chini kabisa, nyavu haziwafikii. Kwa hiyo kidogo kilichopatikana kiligombewa na wenye nyavu, wenye bunduki na wenye njaa, na mara nyingi ilikuwa vigumu kujua nani ni nani.

Barazani mmoja alitaja filimbi. Mwanajeshi aliyekuwapo akakataa, filimbi ni za kazi yao. Mwingine akataja kengele ya misioni, lakini kengele hupigwa kwa misa kila siku, watu watakufa huku wanajiuliza kama ni misa. Ndipo Batuli akasimama, akafunga kitenge vizuri. Alikuwa mkubwa wa waanikaji, mwanamke wa sauti, na hakuwa na haya ya kusema mbele ya wanaume.

"Moshi," akasema. "Wakati wa kiangazi hakuna mwanamke anayewasha moto ufukweni. Jua linakausha bure. Moto ni wa masika, mvua ikitukamata na samaki mchangani. Basi tuweke makapi ya mawese makavu chini ya bati, pale pale ufukweni. Atakayewaona wanashuka, awashe. Sisi wengine tukiona moshi, tusiulize kitu. Tukimbie, wote barabarani."

Watu walikubali wote kwa sauti moja, jambo lisilo la kawaida. "Murakoze, mama," shefu akamshukuru. Batuli alirudi nyumbani kichwa juu, na wiki nzima ilikuwa vigumu kuongea naye.

Haya. Ikafika siku moja ya Julai. Batuli alikuwa ameanika beseni baada ya beseni, mchanga umejaa ndagala wanaometa. Pembeni yake alikuwa Esperance, rafiki yake Mkongomani wa Uvira, naye na beseni lake moja. Asmani, mdogo wake Batuli, alikuwa karibu anaziba ufa wa mtumbwi. Huyu Asmani, Batuli ndiye aliyemlea mgongoni tangu mama yao alipofariki. Batuli hakujaliwa mtoto, mume alikwenda Kigoma akaoa huko huko, kwa hiyo Asmani ndiye aliyekuwa ndugu, ndiye mtoto, ndiye mwanaume wa nyumba. Sasa alikuwa na ndevu, lakini Batuli bado alimfokea ale.

Wingu lilitoka upande wa Kongo. Dalili ya mvua ni mawingu, kila mtu anajua, lakini mwezi wa saba nani anaangalia mawingu? Wanawake walicheka, wakasema litapita. Halikupita. Matone makubwa yalianza kupiga mchanga, kisha mvua ikamwagika kweli kweli, na waliokuwa wakicheka wakaanza kukusanya samaki kwa mikono miwili na kukimbilia kwao. Esperance naye alijitwika beseni, akaenda mbio, nguo imemganda mwilini.

Batuli hakuweza kukimbia na mzigo wote ule. Ndagala wakilowa hivyo, jioni wananuka. Basi mikono yake ikafanya kile mikono yake imefanya miaka yote mvua inaponyesha. Ilitengeneza chanja la vijiti, ikamwaga samaki juu yake, ikatafuta kuni. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Kilichokuwa kikavu ufukweni ni yale makapi tu, chini ya bati. Mikono ikayachukua. Wala haikumuuliza Batuli.

Moto ulishika, moshi ukawa mzito na mweusi, maana makapi ya mawese yana mafuta. Mvua ilikuwa inapungua.

"Asmani, njoo upepee hapa, moto usilale," akamwita. "Naenda kwa Lukeba kuongeza makapi."

"Dada, mwanaume anapepea ndagala?" Asmani akasema. "Watu watanicheka."

"Watu gani? Wote wamekimbia mvua."

Asmani akachukua ungo, akaanza kupepea huku amenuna. Batuli akapanda na kikapu chake.

Lukeba alikuwa mume wa Esperance, na mtambo wake wa kukamua mawese ulikuwa ng'ambo ya barabara ya Bujumbura, kwenye mteremko wa michikichi. Siyo mbali. Batuli alivuka barabara, na akashangaa kidogo kuona ng'ambo ile ardhi ni kavu. Vumbi lilimshika miguu. Jua lilikuwa kali, na wakamuaji pale walikuwa wanatoka jasho la kawaida la kazi.

"Batuli, umetumbukia ziwani?" Lukeba akamuuliza, maana alikuwa ametota chepechepe.

"Mvua, shemeji."

"Mvua ya Julai." Lukeba alicheka, mtu wa mzaha sana yule. "Na mimi jana nimevua mukeke juu ya muchikichi. Leta kikapu."

Akamjazia makapi kwa beleshi. Batuli alisimama juani akisubiri, na joto lile likamwingia mgongoni vizuri, akasikia raha. Alitazama michikichi, alitazama vumbi, akajisemea kwamba kweli ni kiangazi hiki, na ile mvua ilikuwa kama kitu alichosimuliwa.

Ndipo mwanamke mmoja akapiga kelele: "Moshi!"

Wote waligeuka. Chini kule, juu ya ufukwe, moshi mweusi ulisimama wima, na mbingu nyuma yake zilikuwa zimeshafunguka, hakuna wingu hata la dawa. Watu walianza kutupa vyombo.

"Batuli," Lukeba akasema, beleshi bado mkononi, "kule iko nini?"

Batuli alitazama moshi ule. Alikuwa ameusema mwenyewe barazani, alikuwa amewafundisha wanawake, alikuwa amewakemea waliosahau. Moshi wa kiangazi: usiulize, kimbia. Kichwani mwake hamkuwa na kitu kingine. Alitupa kikapu, akakimbia. Lukeba akakimbia naye.

Walikimbia katikati ya michikichi pamoja na wengine, kuelekea barabarani, ambako ndiko walikokubaliana kwenda. Wanajeshi nao walikuwa wameuona moshi na walikuwa wanashuka. Walikuta watu wengi wanatoka vichakani mbio, na risasi zikalia. Zilitoka upande gani, mpaka leo ukiuliza watu watano utapata majibu matano. Batuli alijitupa kifudifudi. Na alipolala pale, kitenge kilicholowa kikamgandama tumboni, baridi, na akili ikamrudia yote mara moja. Moshi ni wangu. Mimi ndiye niliyewasha. Nimeukimbia moshi wangu mwenyewe.

Aliinua kichwa amwambie Lukeba. Lukeba alikuwa amelala kando ya barabara mbele yake, na alikuwa amekwisha kufa.

Saa zilizofuata Batuli hakuweza kuzipanga vizuri baadaye. Alikumbuka ameshika mguu wa Lukeba. Alikumbuka mtu anamvuta. Alikumbuka ameteremka ufukweni akimwita Asmani, na akakuta chanja limejaa ndagala wa kahawia, wameiva vizuri, hata mmoja hakuungua, na ungo umekanyagwa. Mvuvi mmoja aliyejificha kwenye mtumbwi ndiye aliyemwambia. Wanajeshi walifika, hawakukuta mtu anayeshuka kutoka mlimani, hawakukuta mapigano. Walimkuta mwanaume peke yake kando ya moto wa hatari, anauchochea.

"Akawaambia anakausha ndagala za dada yake," mvuvi akasema.

"Na wao?"

"Walicheka, mama. Halafu wakaacha kucheka, wakamfunga kamba, wakaenda naye."

Na kusema kweli, nani angeamini? Ufukwe mzima ule, toka enzi za babu, hakuna mwanaume aliyewahi kupepea ndagala. Hiyo ni kazi ya wanawake, na hata mtoto wa kiume akiikaribia anafukuzwa. Asmani alisema ukweli, na ukweli wake ulikuwa wa kijinga kuliko uongo wowote ambao angeweza kuutunga.

Batuli alikwenda pozisyo, ile kambi ndogo ya wanajeshi juu ya barabara, akiwa na bakuli la ndagala wale wa moshi. Komanda alikuwa kijana wa milimani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa mkali. Batuli angependa awe mkali, angejua la kufanya.

"Amahoro, komanda. Ule moshi ni wangu. Mvua ilinyesha, samaki walilowa, nikawasha moto."

Komanda alitazama uwanja wa kambi. Vumbi tupu. Kuku alikuwa anaoga ndani yake. "Mama, hapa haikudondoka hata tone."

"Ilinyesha ufukweni tu."

"Ufukweni tu. Julai." Alichukua ndagala mmoja, akamnusa, akamla. "Huyu unaweza kuwa ulimkausha Aprili. Pafukapo moshi pana moto, mama. Sijui moto huu ni wa nani. Ndugu yako aliwaita watu wa mlimani, au aliwatisha raia ili nyumba ziibiwe, au anakausha samaki kama mwanamke. Yote matatu nimeambiwa leo. Mtu mmoja amekufa barabarani na wakubwa wananiuliza kwa nini."

"Mimi ndiye mwenye kosa. Nichukue mimi."

"Wewe ni dada yake. Dada atasema chochote." Alifuta vidole kwenye suruali. "Kesho lori linapeleka watu Bujumbura. Akishapanda, mimi sina neno tena. Niletee mtu mmoja aliyeona hiyo mvua. Asiwe ndugu yako, na asiwe mtu anayekupenda."

Wale waliopandishwa lori, watu wa pale waliwafahamu kwa majina. Kurudi kwao hakuna aliyekushuhudia. Batuli alishuka kwenda kumtafuta huyo shahidi.

Alibisha kwa Sumaya, ambaye siku ile alikuwa ameanika mkono wake wa kushoto. Sumaya alisema kupitia mlangoni kwamba siku ile hakutoka kabisa, alikuwa na homa. Fabiola, mwanikaji mwingine, alisema alimwona mtu akikimbia lakini mvua hakuiona. Batuli alimwangalia kichwani, nywele zake bado zilikuwa na mchanga uliogandishwa na maji. Hakumlaumu. Atakayesema alikuwa ufukweni ataulizwa na mengine.

Alibaki Esperance.

Matanga yalikuwa yameanza. Wanawake wa kanisani walikuwa ndani wanaimba polepole, na Esperance alikuwa amekaa uani kwenye kinu kilichogeuzwa, hataki kulala mkekani. Batuli alichuchumaa mbele yake.

"Wanasema ulikuwa naye," Esperance akasema.

"Nilikuwa naye."

"Alisema nini?"

"Alinichekesha. Halafu akaniuliza kule iko nini."

"Ukamujibu nini?"

"Sikumjibu. Nilikimbia."

"Moshi ulikuwa wako, Batuli. Nilikuacha unawasha."

"Ulikuwa wangu."

"Na ukakimbia."

"Sijui, Esperance. Naapa sijui. Kule juu palikuwa jua. Nilisimama juani nikasahau mvua, kama vile haikunyesha. Nilijua tu kiangazi na moshi."

Ndani wimbo uliisha, ukaanza mwingine. Esperance alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Nataka kukuchukia na sijui nianzie wapi," akasema. "Makapi yalikuwa ya Lukeba. Yale ya chini ya bati ni yeye aliyatoa. Alikuwa anajisifu, ati yeye ndiye analinda ufukwe."

Batuli akamwambia habari ya lori. Akamwambia alichotaka komanda. Hakumbembeleza, maana aliona haya, lakini machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Asmani ni mutoto wa nyumba yangu pia," Esperance akasema. "Lakini sikia. Nikisema mvua haikunyesha, bwana yangu amekufa kwa vita, kama watu wengine. Pastori atasema hivyo, watoto watasema hivyo. Nikisema ilinyesha, amekufa kwa sababu ya ndagala. Amekufa kwa bure. Unaniomba kitu gani, Batuli?"

Batuli alikaa pale mpaka wanawake wa kanisani walipotoka na kumtazama vibaya, kisha akaenda.

Asubuhi lori lilikuwa limesimama mbele ya pozisyo, injini inaguruma. Batuli alikuwa langoni tangu alfajiri. Aliwaona wanaume wanatolewa, wamefungwa kamba, na katikati yao Asmani, jicho moja limeziba. Asmani alipomwona dada yake akatazama chini. Batuli alijaribu kupita, mwanajeshi akamzuia kwa mkono, bila kumsukuma.

Esperance alikuja kwa miguu, amevaa nguo ya msiba, watu wanampisha. Hakumsalimia Batuli. Alisimama mbele ya komanda.

"Mvua ilinyesha ufukweni," akasema. "Nililowa mpaka ndani. Huyu kijana alikuwa anaziba mutumbwi, na huyu mama alikuwa na samaki wengi. Ni hivyo tu."

"Wewe ni nani?" komanda akauliza.

"Mke wa yule aliyekufa barabarani."

Komanda aliangalia nguo yake ya msiba. Alitazama mbingu, kavu, nyeupe kwa joto, kisha akatoa ishara kwa kidevu. Asmani alifunguliwa kamba. Batuli alimkumbatia mbele ya wanaume wote wale, akamshika uso, akamshika mikono, vidole vimevimba, akalia kwa sauti. Alipogeuka kumshukuru Esperance, Esperance alikuwa ameshafika mbali barabarani.

Tangu hapo Esperance hakusema naye. Alianika peke yake mwisho wa ufukwe. Batuli alimwachia sehemu nzuri ya mchanga, na Esperance hakuitumia.

Shefu wa zoni aliita mkutano mwingine ili watafute alama mpya. Kila iliyotajwa, mtu aliuliza, na siku hizi ikitokea bure je? Hakuna aliyeweza kutaja kitu ambacho hakika hakitokei kiangazi. Batuli aliulizwa yeye, mkubwa wa waanikaji, akasema hajui, akakaa. Wakatawanyika bila kukubaliana, na mitaani ukabaki mzaha: ukiona moshi, ni Batuli.

Ukaja Agosti. Batuli alikuwa amepanda barabarani kununua chumvi, na Asmani alikuwa amebaki ufukweni na mitumbwi yake. Alikuwa bado anachagua chumvi alipouona. Moshi mweusi, mzito, umesimama juu ya ufukwe. Jua lilikuwa linawaka.

Yeye hakuwasha moto. Safari hii alijiuliza mara mbili, akashika kitenge chake kuhakikisha, kilikuwa kikavu. Hakuwasha. Basi ni nani? Na Asmani yuko kule. Miguu yake ilitaka kwenda upande ule iliokwenda mara ya kwanza, na ilimbidi aikemee. Aliacha chumvi, akakimbia kuteremka, kuelekea moshi.

"Ndagala zako zinaungua, mama!" mwenye chumvi akamwambia mgongoni, na watu wakacheka.

Alifika ufukweni pumzi imemwisha. Mchanga ulikuwa umelowa, umejaa vishimo vya matone. Esperance alikuwa amepiga magoti mbele ya chanja, anageuza samaki, na Asmani alikuwa anapepea kwa ungo mpya, safari hii bila kununa.

"Mvua imemkamata," Asmani akasema, akimwonyesha Esperance kwa kichwa. "Nikaona nimsaidie."

Batuli alikaa chini pale pale, mchangani. Furaha ilimjaa, akawa anacheka na kuhema. Asmani yupo. Hakuna aliyeshuka. Esperance alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamsemesha.

"Umekimbilia huku?"

"Nimekimbilia huku."

"Na watu wengine wako wapi? Wameshafika barabarani?"

Batuli aligeuka, akatazama juu. Mtambo wa Lukeba, ambao sasa shemeji wa Esperance ndiye aliyeuendesha, ulikuwa unazunguka. Wanawake walikuwa wanatembea barabarani na madumu yao. Mtu mmoja aliyesimama kwenye mteremko aliwapungia mkono.

"Hakuna aliyekimbia," akasema.

Esperance aliacha kugeuza samaki. "Hata mumoja?"

"Hata mmoja. Walinicheka. Wenye bunduki wakishuka kweli, watacheka vivyo hivyo."

Ungo wa Asmani ulisimama. Wote watatu walitazama mteremko ule, kisha michikichi, kisha milima iliyo nyuma ya michikichi, ambako kulikuwa kimya. Moshi ulizidi kupanda. Batuli aliinuka, akamnyang'anya Asmani ungo, akamwambia apande barabarani, akakae na watu.

"Nikafanye nini huko, dada?"

"Sijui," Batuli akasema. "Wewe nenda."